Mama Ngapi, Mpima Maumivu

Kwanza niliitafuta mizani. Mlinzi wa getini alikuwa ameniambia kwamba kwenye chumba cha dharura cha watoto yuko nesi anayepima maumivu, basi nikapitisha macho kila kona nikione kifaa chenyewe. Nikaona mizani ya vichanga, ile yenye beseni. Nikaona utepe wa urefu umebandikwa ukutani, na pembeni yake twiga aliyechorwa na mtu ambaye hajawahi kumwona twiga. Nikaona vipimajoto vimesimama kwenye kikombe. Cha maumivu sikukiona. Nikajisemea labda ni ghali, kimefungiwa kabatini, au ni kizito mno, kinangoja wapatikane wanaume wanne wa kukibeba.

Kumbe mpimaji hakuwa na kifaa chochote. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, kiatu cha kulia amekikata dirisha kwa wembe ili kidole kidogo chenye sugu kipate hewa. Saa yake ilining'inia kifuani kichwa chini miguu juu, ni yeye tu anayeweza kuisoma. Jina analo, limeandikwa kwenye kibati, lakini hakuna anayelitumia. Madaktari, wazazi, hata walinzi, wote wanamwita Mama Ngapi, kwa kuwa hilo ndilo neno linalomtoka tangu anapovaa sare asubuhi mpaka anapoivua. Inauma ngapi? Na sasa ngapi? Ukikohoa je?

Nilikuwa nimempeleka mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, umri miaka saba. Nyumbani tunamwita Kifaranga kwa sababu popote nilipo na yeye yupo. Tangu jana yake alikuwa amekataa chakula, na asubuhi ile alitembea amejikunja kama kisu cha mfukoni, mkono tumboni upande wa kulia. Mama yake alikuwa kiwandani anashona, kwa hiyo safari ikawa ya kwangu.

Mapokezi kulikuwa na utaratibu, na nilielezwa mapema nisije nikaleta ubishi. Mtoto anaulizwa maumivu yake ni ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi. Mwenye mengi anapita mbele, mwenye machache anangoja benchi, na daktari naye huitazama namba hiyo kabla hajaamua nani apewe dawa gani na nani arudi nyumbani. Kwa hiyo ile namba haikuwa mapambo. Kifaranga akaulizwa na karani. Akasema mbili, tena akatabasamu kwa adabu. Tukapelekwa benchi.

Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo kichwani, basi kila mahali panapofanyika kazi nisiyoijua natoa macho kama niko darasani. Nikamlaza Kifaranga mapajani, nikawa namtazama Mama Ngapi.

Alianza na kichanga cha miezi mitano, sikio linamsumbua. Nikasubiri nione huyu ataulizwaje. Hakuulizwa. Mama Ngapi aliweka mikono nyuma, akamtazama tu, kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa motoni. Sikuweza kujizuia, nikamwuliza kwa sauti anatafuta nini. Akanijibu bila kugeuka kwamba mtoto asiyesema kwa mdomo anasema kwa vingine: uso, miguu, namna anavyojinyonga, kilio, na kama anabembelezeka au habembelezeki. Kila kimoja kina alama sifuri, moja au mbili. Nikamwuliza miguu inasema nini. Akasema miguu ya asiyeumia imelala ovyo ovyo, ya anayeumia inapiga mateke au imevutwa tumboni. Akajumlisha, akapata nane. Nikamwambia hata mimi nilikuwa nimepata nane. Akacheka, akajua naongopa, akaendelea na kazi.

Akaja mtoto wa miaka minne aliyebanwa vidole na mlango. Huyo akaonyeshwa kadi yenye sura sita, kuanzia iliyotulia mpaka inayotiririka machozi. Mtoto akagusa iliyotulia. Mama Ngapi hakuandika. Akamwuliza kwa nini hiyo. Mtoto akasema hiyo ndiyo nzuri. Basi akamweleza upya, polepole, kwamba hapa hachagui rafiki: huyu wa kwanza hajaumia, huyu wa mwisho ameumia sana, je, vidole vyake vinafanana na nani? Mtoto akasogeza kidole kilichobaki kizima mpaka sura ya tano.

Kisha msichana wa shule, sare yake safi, goti limechunika kidogo tu. Akaulizwa, akajibu kumi, kifua mbele, huku akimtazama mama yake asifiwe. Mama Ngapi akamwambia mwanangu, hapa hatusahihishi mtihani. Wakaanza upya, wakaishia kwenye tatu.

Kabla ya kumwuliza mtoto yeyote, nikagundua, alikuwa na desturi moja. Alivuta mifuko ya sare yake nje kama masikio ya sungura, vilivyomo akavimwaga kitandani: kifuniko cha kalamu, uzi, vizibo vya soda, nusu biskuti. Halafu akageuza viganja juu. Ndipo aliuliza. Nikadhani ni mazingaombwe, nikangoja atoe njiwa.

Sababu ya desturi hiyo niliichimba baadaye, na mimi nikianza kuchimba sichoki. Mama Ngapi hakuanza kazi kama nesi. Alikuwa mfagizi, miaka sita, chumba hicho hicho, ndoo na dekio. Siku moja alikuwepo mtoto aliyemwagikiwa maji ya moto kifuani. Madaktari walipopita na mafaili yao, mtoto alikodolea dari macho, hakusema lolote, nao wakaandika kwamba ametulia. Walipoondoka, yeye akaingiza dekio chini ya kitanda, na sauti ndogo ikashuka kutoka juu ikimwambia, mama wa maji, inauma mpaka kwenye nywele. Akamwuliza kwa nini hakuwaambia wale. Mtoto akasema wale wana sindano, wewe huna.

Alikwenda kumweleza nesi mkuu. Nesi mkuu akamwambia sakafu ya pale mlangoni bado ina madoa. Akadeki madoa, halafu akaenda kumtafuta daktari, akamweleza na yeye. Huyo alimsikiliza, na mtoto akaongezewa dawa. Lakini neno lile halikumtoka. Akaniambia alikaa nalo mwezi mzima, akijiuliza ni wangapi wametulia kwa namna hiyo. Alikuwa na miaka thelathini na mbili aliporudi shule, akakaa dawati moja na watoto wa kuzaa mwenyewe. Somo la hesabu lilimwangusha mara mbili. Leo hii anaishi kwa namba.

Nyumbani kwake, anasema, hawamtaki na kazi yake. Mumewe ni fundi seremala, akijigonga nyundo anatangaza kumi na nne, na Mama Ngapi anamwambia sita, wanabishana mpaka kidole kinapoa chenyewe. Binti yao mkubwa hata akiwa na mafua anakohoa nje, maana ndani yataandikwa.

Sasa turudi benchi. Saa mbili zilipita kabla hatujaitwa. Daktari alikuwa kijana, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na nyuma yetu foleni ilifika kwenye ngazi. Akasoma ile mbili. Akamwuliza Kifaranga mwenyewe, na yeye akarudia mbili. Akamminya tumbo. Kifaranga akatazama taa, akauma meno, hakusema kitu. Daktari akasema huenda ni minyoo au chakula, akaandika dawa ya maji, akaniambia nimrudishe nyumbani, na kama hali ikibadilika tuje tena.

Mimi nikashukuru. Nasema kweli, nilishukuru na kuanza kufunga khanga. Mtoto anasema mbili, daktari anasema minyoo, mimi ni nani? Tukafika mlangoni. Mama Ngapi alikuwa anapita na trei, akasimama, akamtazama Kifaranga kama alivyomtazama yule kichanga.

"Bibi," akaniambia, "huyu mtoto anatembeaje siku zote?"

Nikamwambia siku zote hatembei, anakimbia. Akaweka trei chini. Akanionyesha nilichokuwa sijakiona na macho yangu yote: jasho juu ya mdomo wa Kifaranga, na namna alivyokuwa anavuta pumzi fupi fupi, akiogopa kulijaza tumbo. Akasema mwili mzima unampa saba, mdomo unampa mbili, na vitu hivi viwili haviwezi kuwa vya mtoto mmoja. Mmojawapo unadanganya, naye alitaka kujua kwa nini. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeokota ufunguo na hajui ni wa mlango gani.

Akamketisha kitandani, akamwaga mifuko, akageuza viganja. Akamwuliza kama anaogopa sindano. Kifaranga akasema anaogopa, ila si hivyo. Akamwuliza kama kuna mtu amemkataza kulia. Hapana. Akamwuliza tena ni ngapi. Mbili. Akajikuna kidevu kwa kalamu, kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimemsikia akimwuliza mtoto mwingine siku ile. Alimwuliza, kumi kwako ni nini?

"Kumi ni ya Bibi," Kifaranga akasema. "Mamba alipomla mguu."

Mama Ngapi akaitazama miguu yangu. Mmoja. Miwili. Akanitazama mimi.

Hapo nikatamani sakafu ipasuke. Maana hadithi hiyo ni yangu, niliitengeneza mwenyewe na kuipiga msasa miaka mitano. Mamba alininyakua mguu wa kushoto nikifua nguo. Nikamfuata chini ya maji mpaka nyumbani kwake, nikamkuta anakula na wake zake watatu, nikamsalimia vizuri nikaomba mguu wangu. Akakataa. Nikamtekenya kwapani mpaka akacheka, mguu ukatoka, nikaukaza kwenye goti kama kifuniko cha chupa, nikapanda juu nikamalizia kufua. Wala sikutoa chozi. Hapo pa chozi ndipo nilipokuwa napapamba zaidi, na ushahidi ulikuwepo, kovu refu kwenye muundi.

Kifaranga alimweleza Mama Ngapi yote, kituo kwa kituo, hata salamu kwa wake za mamba. Halafu akaeleza hesabu yake. Kama Bibi kung'olewa mguu ni kumi na hakulia, basi kukatika mkono ni kama sita. Kuumwa na mbwa ni nne. Tumbo, ambalo halijang'oka, linabaki palepale, ni mbili. Alikuwa amefikiri. Hakudanganya hata kidogo. Iliyopinda ni rula, na aliyempa rula ni mimi.

Mama Ngapi hakunigombeza. Alinisogelea tu, akasema kwa sauti ya chini kwamba kile kiutumbo cha pembeni, kidole tumbo, kikivimba hakina subira, na kwamba hawezi kumwita daktari arudi kwa mbili. Alihitaji kumi nyingine, na mwenye nayo ni mimi.

Nimesema uongo mwingi maishani na sijawahi kuurudisha hata mmoja. Siku ile nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia mjukuu wangu, "Kifaranga, hakuna mamba. Nilikuwa mdogo kama wewe, nikapanda juu ya ndoo niibe asali ya shangazi. Ndoo ikateleza, chupa ikapasuka, kipande kikanichana. Ni hivyo tu."

Akanitazama muda mrefu. Akamgeukia Mama Ngapi.

"Bibi anadanganya," akasema. "Anataka niseme nyingi nichomwe sindano."

Hebu fikiria. Miaka mitano naaminiwa kwa mamba, siku ninayosema kweli naitwa mwongo. Nikaapa kwa marehemu babu yake. Akasema hata siku ya mamba niliapa kwa babu. Ilikuwa kweli. Mama Ngapi akageuka ukutani, mabega yakitikisika, nikajua anacheka, na sikuweza kumlaumu.

Alipogeuka tena uso ulikuwa wa kazi. Akasema tuwaachie mamba na asali mambo yao, na namba zote tuziweke kando. Kati ya vile vilivyomwagwa akachukua vizibo vinne vya soda, akavipanga kwenye shuka. Akamwambia Kifaranga kwamba hivi ni vipande vya maumivu. Kimoja ni maumivu kidogo. Vinne ni maumivu yote ambayo yeye, yeye tu, anaweza kuwa nayo. Vya Bibi havimo, Bibi vyake alishakwenda navyo.

"Wewe sasa hivi una vipande vingapi?"

Kifaranga akavitazama. Akachukua kimoja, akakiweka tumboni. Akachukua cha pili. Akasita, akanitupia jicho, nami nikaangalia dirisha kwa makusudi. Nikasikia cha tatu, halafu cha nne. Halafu sauti yake, nyembamba kabisa, ikauliza kama hamna kingine.

Akaanza kulia. Alilia kilio cha siku mbili alichokuwa amekibana ili afanane na mimi. Mama Ngapi hakumnyamazisha. Akamwomba ashuke aruke mara moja tu, mguu mmoja, kama kwenye mchezo wa kuruka vyumba vilivyochorwa chini. Kifaranga akaitazama sakafu kama kisima, akatikisa kichwa.

Daktari aliitwa, akaja na foleni yake yote imemkasirikia. Mama Ngapi akamweleza kwa maneno machache: vipande vinne na anaomba cha tano, haruki, jasho, pumzi fupi. Akaomba apewe dawa ya maumivu kwanza. Daktari akasita, akasema huenda dawa ikaficha ugonjwa. Mama Ngapi akamwambia mtoto aliyekaza tumbo kama ngoma ndiye anayeficha ugonjwa, na akilegea, mkono wako utaona zaidi. Kijana yule, Mwenyezi Mungu ampe maisha marefu, hakuwa na kiburi. Akakubali. Sindano ilipoingia Kifaranga hata hakuitambua. Baada ya dakika ishirini Mama Ngapi akarudi na vizibo vyake, akaambiwa viwili na nusu, akaandika. Daktari akabonyeza tumbo taratibu, halafu akaachia ghafla, na Kifaranga akakunja uso, si wakati wa kubonyezwa bali wakati wa kuachiwa. Daktari akasema samahani, akamwambia Kifaranga mwenyewe, si mimi. Kisha akaenda kutafuta chumba cha upasuaji.

Binti yangu alifika na nyuzi za rangi bado ziko kwenye nywele, akatia sahihi. Tukangoja kwenye korido. Sitasimulia yale masaa, maana nikisimulia nitayaongeza. Daktari wa upasuaji alipotoka alitwambia kidole tumbo kilikuwa kimevimba kama kidole gumba, bado hakijapasuka. Angelala nacho nyumbani, kingepasuka. Binti yangu akanishika mkono. Bado alikuwa hajaambiwa habari za mamba, nami sikuona haraka.

Siku nne nililala kwenye kiti kando ya kitanda, na ndizo siku nilizomchimba Mama Ngapi. Alikuja hata zamu yake ikiwa imekwisha, mfuko wa nguo begani. Alitaka kujua vitu. Kifaranga alipataje sita ya mkono? Mbwa kwa nini nne na sio tano? Akaniambia miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia watoto kumi ni maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuyafikiria, bila kujiuliza wamefundishwa na nani kufikiri. Sasa kila mtoto akimpa namba isiyolingana na miguu yake, anauliza kumi yake inakaa wapi. Kuna mmoja alimwambia kumi ni kuzaa, mama amesema. Mwingine, kumi ni jehanamu, kwa hiyo mguu uliovunjika ni nusu.

Siku ya tatu mchana Kifaranga alikuwa ameegemea mto, anakula uji kwa kijiko chake mwenyewe, kipande kimoja tu cha maumivu, na hicho ni akicheka. Mama Ngapi alikuwa anajaza karatasi. Mtoto akaniuliza kama ile ya asali ni ya kweli kabisa. Nikamwambia ya kweli kabisa. Akaomba kuona kovu. Nikapandisha gauni, akalipima kwa vidole, likafika vidole saba.

"Ilikuwa ngapi?" akauliza.

"Ah, mbili tu," nikasema.

Mama Ngapi aliacha kuandika. Kifaranga akaacha kijiko. Wote wawili walinitazama, na sura zao zilikuwa sura moja.

Nikafikiri. Damu ilikuwa imetapakaa kwenye ndoo ile ile niliyopandia. Shangazi alinifunga kwa kitambaa cha jikoni, akaniambia nikilia ataniongeza, na mimi nikanyamaza, nikalala nikiwa nimenyamaza, nikaamka nimenyamaza. Wiki iliyofuata nikawasimulia wenzangu kwamba ni mbwa mwitu. Alipozeeka mbwa mwitu, nikaleta mamba. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo.

"Tisa," nikasema.

Kifaranga akamgeukia Mama Ngapi, akamwambia aandike. Na yeye akaondoa kifuniko cha kalamu kwa meno, akatafuta nafasi pembeni ya karatasi ya mtoto, akaandika.